Wewe Humu Haumo

Wiki sita nzima nilijiita mwanafunzi wa chuo. Kila asubuhi napanda matatu Kitengela, tunapita Isinya, nashuka Kajiado, naingia darasani, naandika noti. Barua ya kukubaliwa nilikuwa nayo. Nilichobakisha ni karo, nusu tu, na nilidhani hiyo ni stori ya baadaye.

Siku ya kuchukua kadi za mtihani, karani alipekua orodha mara mbili. "Wewe humu haumo," akaniambia.

Jioni nilimweleza mamangu, akipanga sukuma kibandani. Hakunigombeza. Alisema tu, "Kumbe huko ulikuwa mgeni."

Neno hilo lilinifanya nimkumbuke Molonket ole Sempele. Mwaka wa 1909, Mmaasai huyu aliuza ng'ombe wake ili asafiri hadi Marekani, akasoma Boydton, jimbo la Virginia, katika shule ya Wamarekani weusi. Hebu fikiria: mali yako yote ina miguu minne, halafu unaibadilisha kwa nafasi darasani. Hiyo ndiyo risiti ya karo.

Alirudi mwaka wa 1912 na kukuta mambo yamegeuka. Mkataba wa 1904 uliwaahidi Wamaasai kuwa ungedumu maadamu wao wapo. Ulidumu miaka 7. Mkataba wa 1911 ukawatoa Laikipia na kuwasukuma kusini. Walipokwenda mahakamani mwaka wa 1913, waliambiwa kwamba wao si raia wa Mfalme wa Uingereza, kwamba mikataba ile ni ya serikali na taifa la nje, na mahakama haina uwezo juu yake. Yaani walikuwa na karatasi mkononi, lakini mlangoni hawakutambulika.

Msiba wao haulingani na wangu hata kidogo. Mimi nilikosa mtihani, wao walipoteza ardhi. Ila nilijifunza kwao kuuliza: karatasi hii inamfunga nani?

Barua ya kukubaliwa ni mwaliko. Hata KUCCPS ikikupangia nafasi, hiyo ni nafasi tu, bado hujasajiliwa. Unaposajiliwa, chuo nacho kinafungwa: kinadaiwa masomo, mtihani na matokeo yako. Wewe unadaiwa karo na kufuata sheria. Bila hilo, unaweza kukaa mstari wa mbele kila siku, ukajibu maswali yote, na bado usiwe na pa kulalamikia.

Mamangu alikopa kwenye chama chake. Muhula uliofuata nilirudi Kajiado, nikalipa, nikajaza fomu, nikatia sahihi. Nilikataa kuondoka dirishani mpaka nione jina langu.

Nilimpelekea kitambulisho kibandani. Alipangusa mikono kwenye leso, akaisoma nambari polepole, tarakimu moja moja. Kisha akanirudishia.

"Haya. Kesho usichelewe gari."