Barbie Savior

Barbie Savior ni akaunti ya Instagram iliyoanzishwa mwaka 2016 kama kazi ya sanaa ya kidijitali yenye tashtiti. Mhusika wake ni mwanasesere wa Barbie anayeigiza binti Mzungu wa miaka 20 kutoka Marekani, aliyekuja Afrika kujitolea na anayesimulia safari yake kwa picha. Neno "savior" kwa Kiingereza lina maana ya mwokozi. Kazi hiyo inakosoa tabia ya baadhi ya wageni kuwatumia watu wa Afrika, hasa watoto, kama mapambo ya kujijengea sifa kwenye mitandao ya kijamii.

Barbie ni mwanasesere aliyetolewa na kampuni ya Mattel ya Marekani tangu mwaka 1959. Akaunti hiyo haikuwa mradi wa kampuni hiyo.

Waanzilishi

Akaunti ilianzishwa na Emily Worrall na Jackie Kramlich, Wamarekani wawili waliowahi kujitolea nchini Uganda. Mwanzoni hawakutaja majina yao. Baadaye walijitambulisha, wakaeleza kwamba wao wenyewe waliwahi kufanya baadhi ya mambo wanayoyadhihaki.

Historia ya hoja

Hoja inayobebwa na akaunti hiyo ilikuwapo kabla yake. Mwaka 2005 mwandishi wa Kenya Binyavanga Wainaina alichapisha katika jarida la Granta insha ya tashtiti inayojifanya kuwafundisha waandishi namna ya kuandika kuhusu Afrika. Ndani yake alidhihaki mazoea ya kulieleza bara zima kana kwamba ni nchi moja yenye njaa, wanyamapori na machweo.

Mwezi Machi 2012 shirika la Invisible Children la Marekani lilitoa filamu fupi ya Kony 2012, iliyomhusu Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA kutoka Uganda. Filamu hiyo ilitazamwa mtandaoni mara milioni nyingi kwa siku chache. Ilipoonyeshwa hadharani mjini Lira, kaskazini mwa Uganda, watazamaji wengi walikasirika kwa kuona mateso yao yakisimuliwa kupitia Mmarekani na mtoto wake. Mwezi huohuo mwandishi Teju Cole, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, aliandika katika jarida la The Atlantic makala ya kukosoa dhana ya "Mzungu mwokozi".

Maudhui na mbinu

Picha za Barbie Savior zinaiga zile ambazo wageni wa kujitolea huziweka mtandaoni. Katika moja mwanasesere anapiga selfi na mtoto anayeitwa yatima. Katika nyingine amesimama mbele ya ubao darasani bila kuwa amesomea ualimu. Katika nyingine anajipiga picha kwenye choo cha shimo. Maelezo yaliyo chini ya picha yanaitaja Afrika kama nchi moja, yanachanganya maneno ya dini na ya kujisifu, na kuishia kwa alama za reli nyingi.

Mbinu kuu ni kutumia mahali palepale panapokosolewa. Picha za Barbie Savior zilionekana katika mfululizo uleule wa Instagram ambamo picha halisi za namna hiyo huwekwa, hivyo mtazamaji angeweza kuzilinganisha mara moja. Njia inayokaribiana na hiyo ilitumiwa mwaka 2014 na Amalia Ulman, msanii mzaliwa wa Argentina, katika kazi ya Excellences & Perfections. Kwa miezi kadhaa aliigiza maisha ya kubuni kwenye akaunti yake ya Instagram, na wafuasi wengi waliyaamini. Barbie Savior haikumdanganya mtazamaji, kwa kuwa mwanasesere anatambulika mara moja.

Matumizi ya wanasesere yana maana nyingine pia. Mtoto halisi anayepigwa picha kituoni au hospitalini mara nyingi haombwi ridhaa, hajui picha itakwenda wapi, na hawezi kuifuta atakapokuwa mtu mzima. Kwa kumweka mwanasesere mahali pa mtoto huyo, kazi hii ilionyesha kosa bila kulirudia.

Mapokeo

Mwaka 2016 vyombo vya habari vya kimataifa, ikiwemo BBC, viliandika kuhusu akaunti hiyo, na wafuasi wake wakapita 100,000.

Hata hivyo, tashtiti hiyo ina mipaka. Waliobuni kazi ni Wamarekani weupe, na mhusika mkuu anabaki kuwa Mzungu. Mwafrika katika picha hizo bado hana jina wala sauti. Nchini Uganda, kampeni ya No White Saviors, iliyoanza mwaka 2018, iliendeleza mjadala huo kwa kuwashirikisha Waganda wenyewe.

Athari

Mwaka 2017 shirika la wanafunzi na wanataaluma la Norwei, SAIH, lilitoa mwongozo kwa wasafiri na watu wa kujitolea kuhusu picha za mitandaoni, kwa kushirikiana na Barbie Savior. Mwongozo huo una kanuni nne:

- kulinda utu wa anayepigwa picha;
- kupata ridhaa yake baada ya kumweleza matumizi ya picha;
- kujiuliza nia ya kuisambaza;
- kutumia nafasi hiyo kuvunja dhana potofu.

Mwezi Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu watoto wasio na malezi ya wazazi, ambalo pamoja na mengine linazitaka nchi kushughulikia madhara ya utalii wa kujitolea katika vituo vya watoto yatima.

Tazama pia

- Binyavanga Wainaina
- Instagram
- Mitandao ya kijamii
- Tashtiti