Mbao ya Kongo, kiti cha enzi na karakana ya Etterbeek



Mtaani kwetu hapa Etterbeek kuna karakana ndogo ya seremala, baba na binti yake. Wanatengeneza meza na viti vya mwaloni mtupu, bila gundi ya kuficha makosa. Siku moja nilimkuta mzee akikarabati kabati la zamani. Kuhusu mwaloni wake alishanitajia hadi msitu ulikokatwa. Kuhusu kabati nikamwuliza, ni mti gani huu? "Mbao ya Kongo." Mti gani wa Kongo? Akainua mabega. "Kongo tu."

Jibu hilo limenikaa moyoni. Mie mtoto wa seremala wa Unguja, na kwetu mbao ina jina: mvule, msaji, mninga, mbambakofi, mpingo. Marehemu baba alikuwa akinusa vumbi la msumeno tu, anakwambia mti.

Basi tuitazame historia. Mwaka 1897 Mfalme Leopold II alifanya maonyesho ya Kongo yake kule Tervuren, na barabara kuu inayopita jirani yetu hapa ilijengwa kwa ajili hiyo. Mabingwa wa Art Nouveau, akina Paul Hankar, Henry van de Velde, Gustave Serrurier-Bovy na Georges Hobé, walipewa kazi ya kupamba kumbi, wakatumia mbao za Kongo, bilinga ikiwemo. Vitabu vya sanaa vinawataja wote wanne. Waliokata miti na kuiburuta hadi mtoni hawatajwi. Wakongo 267 waliletwa ili watazamwe. Saba walikufa, na makaburi yao yako kanisani Tervuren hadi leo.

Hapa Etterbeek watalii huenda kuitazama nyumba ya Paul Cauchie, iliyojengwa 1905. Mwaka huohuo, kule Unguja, alifariki Tippu Tip. Hatua chache kutoka nyumba hiyo, katika bustani ya Cinquantenaire, kuna mnara wa Thomas Vinçotte wa mwaka 1921 unaosifu askari wa Kibelgiji kwa kuwaangamiza "Waarabu" wafanyabiashara ya watumwa, yaani vita vya 1892 hadi 1894. Ndani ya jina hilo la "Waarabu" walimo Waswahili wengi tu.

Hapo ndipo sisi hukasirika, na tuna haki. Lakini hebu tujitazame pia. Tunajivunia kiti cha enzi cha Lamu na Pate: mpingo, mgongo mrefu, nakshi za pembe, kamba zilizosukwa. Kilirithiwa kizazi hadi kizazi, na mgeni wa heshima ndiye aliyekalishwa. Sasa, pembe ilifikaje pwani? Kwa misafara, mabegani mwa watu, na wengine hawakuwa na hiari. Nani kati yetu anayajua majina yao? Nasi tungeulizwa tungeinua mabega: "Bara tu."

Siku hizi neno "endelevu" limebandikwa kila duka la samani. Sheria nazo zimekuja: tangu 2013 muuzaji wa kwanza wa mbao katika Umoja wa Ulaya alitakiwa kuhakikisha kwamba haikukatwa kinyume cha sheria, na tangu 2017 biashara ya kimataifa ya mpingo imewekewa vibali. Ni vizuri. Ila karatasi inauliza mti umetoka wapi. Nani aliukata, na alilipwa nini, mara nyingi haiulizi.

Kwa maoni yangu, kiti kinachodumu miaka mia kinadai kumbukumbu ya miaka mia. Kwa hiyo nina ombi. Mwenye kitanda cha samadari, kasha au kiti cha babu yake, aandike: mti gani, fundi gani, alifundishwa na nani, na mbao ilibebwa na nani. Tuanze na vya kwetu. Mie nitaanza na sanduku la mama. Mti wake naujua, aliyeubeba bado namtafuta.

Wasalaam.