Kipimo cha MRI

MRI ni njia ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku na mawimbi ya redio, bila eksirei. Kinachopigwa picha hasa ni maji na mafuta, kwa kuwa vyote vimejaa haidrojeni, ambayo kiini chake, yaani protoni, ni sumaku ndogo mno.

Mashine nyingi za hospitali zina nguvu ya tesla 1.5, takribani mara 30,000 ya usumaku wa dunia. Koili ya sumaku hiyo, yaani nyaya zilizoviringwa, hupozwa kwa heliamu kimiminika hadi karibu nyuzi -269 za Selsiasi ili umeme uzunguke bila ukinzani. Mgonjwa akiingizwa humo, protoni zake huelekea upande wa sumaku huku zikiyumba kama pia. Mawimbi ya redio ya takribani megahezi 64 huziinamisha. Yakikatizwa, hurejea mahali pake zikitoa ishara hafifu inayonaswa na mashine.

Siri ya picha imo katika muda wa kurejea. Mafuta hurejea upesi, maji ya kwenye ubongo na uti wa mgongo hukawia. Mtaalamu huchagua lini anase ishara, na ubongo uleule ukatoka na maji meusi au meupe. Sehemu iliyovimba, kwa kuwa ina maji mengi, hujitokeza. Ndiyo maana MRI haina mpinzani kwenye ubongo, gegedu na kano, ingawa majeruhi wa ajali hupelekwa kwanza kwenye CT, kipimo cha eksirei kilicho cha haraka zaidi.

Ili kujua ishara imetoka wapi, koili nyingine hubadilisha kidogo nguvu ya sumaku toka sehemu hadi sehemu. Mtetemo wa koili hizo ndio kelele ya kugongagonga inayowatisha wagonjwa. Wazo la kubadilisha sumaku hivyo ili kupata picha alilichapisha Paul Lauterbur mwaka 1973. Yeye na Peter Mansfield walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2003. Raymond Damadian, aliyeonyesha mwaka 1971 kwamba uvimbe wa saratani hutoa ishara tofauti, aliachwa, akalalamika magazetini.

Sumaku haizimwi hata usiku. Mtungi wa oksijeni wa chuma huweza kuruka na kuua, na baadhi ya vifaa vya kurekebisha mapigo ya moyo huvurugika.

Kwa hospitali nyingi za Afrika kikwazo ni gharama, heliamu na umeme. Mwaka 2022, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, iliunganishwa mashine ya sumaku za kudumu, isiyohitaji heliamu, iliyobuniwa pamoja na wataalamu wa Uholanzi na Marekani. Nguvu yake haifiki tesla 0.1 na picha zake si kali, ila kwa watoto ambao vichwa vyao vimekuwa vikubwa kwa kujaa maji, daktari anahitaji tu kuona maji yamekusanyika wapi.