UZI: Kumi kumi, chang'aa na lile drumu hatulizungumzii

Kila pombe ikiua watu, bishano letu ni lile lile. Huyu anasema ipigwe marufuku, yule anasema vijana hawana kazi. Mimi nataka tuanze na kinachoua.

Ni metanoli, kemikali ya viwandani, ya mambo kama rangi na vanishi. Kwa macho huwezi kuitofautisha na ethanoli, ile pombe ya kawaida. Ukiinywa, ini linaigeuza kuwa fomaldehaidi, halafu asidi ya fomiki. Asidi hiyo inazuia seli kutumia oksijeni, na neva za macho huwa kati ya za kwanza kuumia. Shida ni kwamba inachelewa. Mtu analala vizuri, na saa 12 hadi 24 baadaye anatapika, tumbo linamkata, anauliza mbona hamjawasha taa na nje kuna jua. Akifika hospitali mapema anaweza kupona: anapewa fomepizoli au hata ethanoli (ndiyo, pombe, lakini kwa kipimo cha daktari) ili ini liache kutengeneza ile sumu, na damu inasafishwa kwa mashine.

Sasa historia. Mkoloni alimkataza Mwafrika kutengeneza pombe kali. Mwaka 1980, Kenya huru ikapitisha sheria yake ya kupiga chang'aa marufuku. Watu hawakuacha kunywa, biashara ilihamia vichochoroni. Na kuchemsha chang'aa kuna moshi na harufu, polisi wanakuja. Drumu la kemikali halina moshi.

Novemba 2000, mitaa ya Mukuru, Nairobi: kumi kumi, iliyoitwa hivyo kwa sababu glasi ilikuwa shilingi 10, iliua watu zaidi ya 100. Wengine walibaki vipofu.

Sheria ya 2010 iliondoa marufuku ya 1980, ikataka chang'aa iwe na leseni na iuzwe kwa chupa. Mei 2014, makumi wakafa tena, Embu, Kitui, Kiambu na kwingineko. Kwa hivyo tumejaribu kukataza na tumejaribu kuruhusu. Mahindi yaliyochachushwa hutoa metanoli kidogo sana; hii inayoua kwa wingi mtu ameinunua mahali, akaimwaga ndani. Lakini msako ukianza, anayebebwa kwa lori ni mama pima.

Februari 2024 ikawa Kirinyaga. Iliripotiwa kwamba pombe iliyoua watu kule ilikuwa imeshakamatwa, imewekwa kituo cha polisi kama kielelezo cha kesi, ikaibwa na kurudi sokoni. Hapo utapiga marufuku nini tena?