Paul Ehrlich: Profesa aliyetafuta dawa ya kuua kimelea bila kumdhuru mgonjwa

KWA wakazi wa Rulenge wilayani Ngara na majirani zao wa Biharamulo, mkoani Kagera, mbung'o si mdudu wa kusimuliwa tu. Mapori ya ukanda huo, ambayo sehemu yake kubwa tangu mwaka 2019 imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yanajulikana tangu zamani kuwa makazi ya mdudu huyo anayeeneza ugonjwa wa malale. Historia ya dawa za ugonjwa huo haikamiliki bila kutajwa jina la Profesa Paul Ehrlich wa Ujerumani.

Ehrlich alizaliwa Machi 14, 1854 katika mji wa Strehlen, ambao leo umo nchini Poland na huitwa Strzelin. Alisomea udaktari, si ufamasia, lakini mapenzi yake yalikuwa katika kemia. Tasnifu aliyoiwasilisha katika Chuo Kikuu cha Leipzig mwaka 1878 ilihusu rangi zinazotumika kutazamia chembe za mwili kwa hadubini.

Katika rangi hizo ndimo alimopata wazo lililoongoza maisha yake yote ya kazi. Aliona kuwa rangi moja hunasa katika chembe fulani na kuziacha nyingine. Kama rangi inaweza kuchagua, alijiuliza, kwa nini isipatikane kemikali itakayomnasa na kumuua mdudu wa ugonjwa na kuuacha salama mwili wa binadamu? Dawa ya namna hiyo aliifananisha na risasi ya kichawi, isiyompata mwingine ila adui.

Mwaka 1891, yeye na Paul Guttmann waliwapa wagonjwa wawili wa malaria rangi ya bluu ya methilini, nao wakapata nafuu. Mwaka 1899 alihamia Frankfurt kuongoza taasisi ya tiba ya majaribio. Huko, mwaka 1904, yeye na Mjapani Kiyoshi Shiga walitangaza rangi nyekundu iliyowaponya panya wa maabara waliokuwa na vimelea wa jamii moja na wale wa malale.

Wakati huo malale yalikuwa yakiteketeza maelfu ya watu kandokando ya Ziwa Victoria. Kati ya mwaka 1906 na 1907, Robert Koch, aliyepata kuwa mkuu wa Ehrlich mjini Berlin, aliwatibu wagonjwa katika Visiwa vya Sese, Uganda, kwa dawa yenye aseniki iliyoitwa Atoxyl. Jina hilo lilikusudiwa kuonyesha kuwa haina sumu. Alipoongeza kipimo, wagonjwa zaidi ya 20 walipofuka macho na hawakuona tena. Dawa hiyo ilitumika pia upande wa koloni la Wajerumani, ikiwamo katika kambi ya Kigarama huko Kiziba, kaskazini mwa Bukoba.

Mwaka huo huo wa 1907, Ehrlich na mkemia Alfred Bertheim walithibitisha kuwa muundo wa Atoxyl haukuwa kama ulivyodhaniwa tangu ilipotengenezwa mara ya kwanza mwaka 1859. Ugunduzi huo ulionyesha kuwa dawa hiyo inaweza kubadilishwa sehemu kwa sehemu, na kila badiliko likapimwa kwa faida na madhara yake. Maabara yake pia ilionyesha kuwa vimelea wanaweza kujenga usugu dhidi ya dawa.

Mwaka 1908 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Ilya Mechnikov kwa kazi zao kuhusu kinga ya mwili. Mwaka uliofuata, Sahachiro Hata alibaini katika maabara hiyo kuwa kemikali namba 606 inatibu kaswende. Kampuni ya Hoechst iliiingiza sokoni mwaka 1910 kwa jina la Salvarsan. Ehrlich aliteuliwa kuwa profesa wa elimu ya dawa katika Chuo Kikuu kipya cha Frankfurt mwaka 1914, akafariki dunia Agosti 20, 1915.

Hakuiona dawa ya malale aliyoitamani. Njia yake iliwaongoza wakemia wa kampuni ya Bayer hadi kwenye suramini, iliyotumika kwa miongo mingi Afrika Mashariki kabla ugonjwa haujafika kwenye ubongo. Ukishafika huko, tegemeo lilikuwa melarsoproli ya mwaka 1949, nayo yenye aseniki, ambayo iliua takriban wagonjwa 5 kati ya kila 100 waliotibiwa nayo.

Mwaka 2024, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza fexinidazoli, vidonge vya kumeza, kwa malale ya Afrika Mashariki, baada ya majaribio kufanyika Malawi na Uganda. Kemikali hiyo ilitengenezwa kwanza na Hoechst, kampuni ile ile iliyouza Salvarsan, ikawekwa kando kwa miaka mingi hadi ilipofufuliwa mwaka 2005. Hivyo, zaidi ya karne moja baada ya wagonjwa wa Sese kupofuka, malale ya ukanda huu yaliyokwisha kufika kwenye ubongo yakapata tiba isiyo na aseniki ndani yake.