Motokaa Kuukuu na Swali la Asili Yake

Neno "asili" katika lugha yetu lina maana mbili. Asili ni chimbuko, mahali kitu kilipotoka. Tena asili ni hali ya kitu kilivyo kwa kweli, tabia yake isiyoondoka. Kwa mwanadamu maana hizi mbili hukaa pamoja bila ugomvi mkubwa. Kwa motokaa iliyotumika miaka sitini hugombana, na ugomvi huo ndio niutakao hapa, maana siku hizi wako watu wanaozitafuta Land Rover za zamani ili wazirudishe katika hali ile ile ziliyokuwa nayo siku zilipotoka kiwandani: rangi ile, injini ile, hata nati zile zile. Yafaa tuulize wanarudisha nini hasa, na katika kurudisha wanaondoa nini.

Nchi ya Mbulu yafaa sana kwa kulifikiri jambo hili. Huko Maretadu, na katika njia za udongo za upande wa Dongobesh na Haydom, Land Rover haijawa kitu cha kumbukumbu. Yapakia magunia ya mahindi na maharagwe, yapakia vitunguu saumu na kuku wa mnadani, na wagonjwa waendao hospitali ya Haydom, iliyoanzishwa na misheni ya Kilutheri ya Norwei mwaka 1955. Abiria wakijaa ndani, wengine hupanda juu ya keria. Mtu asimamaye njiani wakati wa masika haulizi gari hilo ni la mwaka gani. Auliza kama litapanda mlima.

Sasa tuitazame hiyo asili yenyewe. Mwaka 1947 Maurice Wilks, mkuu wa wasanifu wa kampuni ya Rover, alikuwa na jipu kuukuu ya Kimarekani katika shamba lake huko Anglesey, na kutokana nayo akapata wazo la gari la mkulima. Gari la kwanza la majaribio lilijengwa juu ya chasisi ya jipu. Land Rover ilipoonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, injini yake ilikuwa imetwaliwa katika motokaa ya Rover iliyokwisha kuwako, na bodi yake ilikuwa ya mchanganyiko wa alumini kwa sababu Uingereza baada ya vita ilikuwa na uhaba wa chuma. Wenyewe walidhani litauzwa miaka michache tu, mpaka motokaa za kawaida zipate soko tena. Basi gari hili tangu kuzaliwa kwake ni kazi ya kuungaunga. Hao waliolitengeneza walitumia walichokuwa nacho, kwa kuwa hawakuwa na kingine. Fundi wa Mbulu afanyapo hivyo hivyo yeye huambiwa ameharibu!

Lile tulijualo zaidi huku ni la baadaye, Land Rover 109, liitwalo hivyo kwa inchi zilizo kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Toleo la pili lilitoka 1958 na la tatu 1971. Lilipandwa na mabwana shauri, mapadre na madaktari. Na uhuru ulipokuja mwaka 1961 likarithiwa na serikali mpya pamoja na ofisi na majalada. Nyingi za serikali na za misheni zilipochoka ziliuzwa kwa watu binafsi, na hapo ndipo maisha yao marefu yalipoanza.

Kisha zikaja shida. Bei ya mafuta ilipanda tangu 1973, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala fedha za kigeni, na spea za Uingereza zikawa adimu kuliko sukari. Katika miaka hiyo fundi aliyepotewa na bamba la springi alilitafuta katika lori lililokufa, akalikata, akalipasha moto na kulikunja mpaka likae. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni waagize bidhaa, na polepole vyombo vya Kijapani vikaenea. Injini ya petroli ya 2286 sentimita za ujazo, yenye kiu isiyokwisha, ikang'olewa katika magari mengi, na dizeli ya Kijapani ikaketi mahali pake. Lakini injini ya Kijapani haiungani na giaboksi ya Kiingereza. Fundi hukata bamba la chuma, akalitoboa matundu kwa kufuata sura ya injini upande mmoja na ya giaboksi upande wa pili, akalitia katikati. Bamba hilo halimo katika kitabu chochote cha kiwanda.

Nimelitaja kwa kuwa ni hati ya historia. Tazama pia nati. Zile za zamani zafunguliwa kwa spana za inchi, na zile zilizokuja na injini mpya kwa spana za milimita. Gari moja lataka seti mbili. Msomi aliye na subira aweza kuusoma humo mwendo wa biashara ya nchi hii kutoka London mpaka Yokohama, bila kufungua jalada hata moja. Ni ajabu kidogo kwamba sisi wanavyuo twasafiri mbali kusoma nyaraka zilizoandikwa na maofisa, na nyaraka zilizoandikwa kwa moto wa kuchomelea twazipita njiani tukilalamika vumbi.

Wanafunzi wa fasihi watalitambua tatizo hili. Utendi ukiwa na nakala nyingi, mhariri hujaribiwa kuzifuta alama za wanakili ili aufikie mkono wa mtungaji wa kwanza. Muhammad Kijuma wa Lamu alinakili tungo nyingi kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya, na mkono wake wa kupendeza umekuwa sehemu ya habari ya tungo hizo. Mhariri mwema huandika pembeni kila neno alilolibadili na kila neno alilolikuta. Aliyelibadili na kunyamaza ametupa maandishi safi, lakini ametunyang'anya ushahidi.

Hata hao wenye kiwanda hawakushika njia moja. Mwaka 1996 nisingalikuwa na mfano. Lakini mwaka 2016 kampuni ilitangaza kuyarudisha magari 25 ya toleo la kwanza katika hali ya kiwandani, kila kitu kama 1948. Miaka miwili baadaye, mwaka 2018, likatangazwa gari moja kati ya yale yaliyoonyeshwa Amsterdam, lililokuwa limepotea na kuonekana katika bustani karibu na Solihull. Hili waliamua kulitengeneza huku wakiihifadhi rangi yake iliyochakaa. Kwa hiyo penye ushahidi mkubwa zaidi ndipo walipogusa kidogo zaidi. Hati ya Venice ya 1964, iliyoandikwa kwa ajili ya majengo ya kale, ilikwisha kusema kwamba kazi ya kurudisha yapasa ikome pale kukisia kunapoanza, na kwamba michango ya kila zama iheshimiwe; na mwaka 2013 shirika la kimataifa la magari ya kale, FIVA, likawa na hati yake ya Turin kwa mawazo yaliyo karibu na hayo.

Tena, kiwanda gani? Ziko Land Rover zilizoletwa vipande vipande na kuunganishwa Thika, katika kiwanda cha Leyland Kenya. Mwenye gari la namna hiyo akiagiza kila kitu kutoka Uingereza kwa jina la asili, analipeleka mahali ambapo halikuunganishwa kamwe. Na katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, iko Rolls-Royce iliyotumiwa kwanza na serikali ya kikoloni, kisha na Mwalimu Nyerere. Ikirudishwa katika hali ya siku yake ya kwanza, itarudi kwa gavana. Sidhani yuko mtu aliyeiendea makumbusho kwa ajili ya gavana.

Sisemi watu wasirudishe. Bila gari hata moja lililo kamili kama lilivyotoka, hatutajua fundi wetu alibadili nini, na mwenye mali ana haki na mali yake. Nasema kwamba kabla spana haijashikwa gari lipigwe picha pande zote na chini ya uvungu. Namba ya chasisi na ya injini ziandikwe. Kila kiraka kipimwe, na kitolewapo kitiwe katika sanduku chenye kibandiko, kisiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Na mafundi waulizwe. Waliojifunza kazi katika miaka ya shida sasa ni wazee, na bamba lile la katikati hawakulichora popote. Vipimo vyake wamevishika kichwani, kwa majina ya Kiswahili na ya Kiiraqw ambayo kamusi zetu bado hazinayo.