Landrova ya Mzee na Udongo wa Bunyala

Fundi wetu wa Busia hutumia nyundo ndogo. Hulala chali chini ya Landrova na kugonga chesi kutoka mbele hadi nyuma, polepole, huku ametega sikio. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa na kutu hutoa mlio mfu. Mwezi uliopita, alipofika karibu na gurudumu la nyuma la kulia, nyundo ilizama. Akajivuta nje, uso umejaa vumbi jekundu, akaniambia, "Binti wa mzee, bodi ni nzima kabisa, lakini mifupa imekwisha. Ama tutafute chesi nyingine, ama uiache ipumzike."

Mtoto wa kaka yangu, anayenisaidia biashara ya samaki na kuniita senge, yaani shangazi, alikuwa amekwisha kupiga hesabu. "Senge, tuiuze. Pesa za chesi tukiziongeza kidogo tunapata Probox."

Hesabu yake ni sahihi. Sikumjibu siku ile, kwa sababu gari hili lina historia ndefu kuliko umri wake, na historia hiyo inaanzia kwenye reli.

Port Victoria, mji wetu, ilikusudiwa iwe ilivyo Kisumu leo. Kapteni J. R. L. Macdonald alipopima njia ya reli ya Uganda mwaka 1892, mwisho wake ulikuwa hapa kwetu, kwenye ghuba ya Berkeley. Baadaye wakubwa wa reli wakachagua njia fupi zaidi, na Desemba 1901 reli ikafika ziwani Port Florence, ambayo ndiyo Kisumu. Mwaka 1931 treni ilipofika Kampala, ilikuwa imepitia Eldoret na Malaba, mbali nasi kwa mara ya pili. Sisi tukabaki na jina la bandari, ziwa lenyewe, na udongo.

Udongo huu asiyeujua hawezi kuelewa kwa nini tunapenda gari. Mto Nzoia huchota tope milimani na kulimwaga kwenye tambarare ya Bunyala kabla ya kuingia ziwani. Wakati wa kiangazi ardhi nyeusi hupasuka nyufa za kumeza mguu wa mbuzi. Mvua ikinyesha, inanata kwenye gurudumu kama ugali wa mtama, kila mzunguko unaongeza tabaka, mpaka gurudumu linakuwa duara la tope lisiloshika chochote. Lori lilikuwa likikwama hapo siku tatu. Samaki hawasubiri siku tatu.

Landrova ilitoka kwa Waingereza mwaka 1948, ikaonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam. Chuma kilikuwa adimu baada ya vita, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa alumini, ambayo haishiki kutu. Chesi ikabaki ya chuma. Huku kwetu ilikuja na serikali: ofisa wa tarafa (DO), polisi, daktari wa wilaya. Baadaye zikawa zinaunganishwa Thika, katika kiwanda cha Leyland Kenya. Wazee wa Port walikuwa wakiusikia muungurumo wake na kujua kwamba kuna neno linakuja, ama kodi, ama chanjo.

Mzee wangu aliinunua yetu mwaka 1988 kwenye mnada wa magari ya serikali yaliyostaafu. Namba za GK zilikuwa zimeng'olewa, na mahali pake kwenye bodi palikuwa na rangi mbichi kuliko kwingine. Ulikuwa wakati wa mbuta. Samaki huyo aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 60 alikuwa sasa amejaa, na viwanda vya minofu vilikuwa vikimnunua kwa pupa. Mzee alipakia kwenye ufuo wa Marenga alfajiri, mbuta wamelazwa juu ya barafu chini ya turubai. Maji ya barafu yenye damu na chumvi yalichuruzika sakafuni na kuingia kwenye chesi. Kwa hiyo kutu anayoisikia fundi leo ndiyo karo yetu ya shule. Sisi sote tulisomea ndani ya kutu hiyo.

Kuna kifundo cha njano karibu na goti la dereva. Ukikibonyeza, magurudumu ya mbele nayo yanavuta. Kando yake kuna mkono mwekundu, wa gia za chini. Mzee alinifundisha nikiwa na miaka 15: njano kwa tope, nyekundu kwa maji. Na kabla ya maji, alifungua boneti akatoa mkanda wa feni, ili feni isirushe maji kwenye plagi na kuzima injini. Nilimwona akifanya hivyo wakati wa El Niño ya 1997. Nilimwona tena 2003, tuta la Nzoia lilipobomoka, akipeleka magunia ya mchanga na kurudi na wazee, magodoro na mbuzi.

Kisha lami ikaja. Lori za barafu zikaanza kufika ufukweni zenyewe, boda boda ikachukua abiria, Probox ikachukua mizigo midogo. Lami ilifanya kazi ambayo Landrova iliifanya kwa miaka mingi, na ninaishukuru. Lakini Mei 2020 ziwa lilipanda likapita hata kipimo cha 1964, kile ambacho wazee wetu walikitumia kuhesabia umri. Wiki hizo Probox zilipangwa juu ya kilima, kavu na safi. Mzee alikuwa ameshafariki. Mkanda wa feni niliutoa mimi.

Tena kuna jambo ambalo mtoto wa kaka hakulitia kwenye hesabu. Gari la aina hii halirudi. Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka 8 kuingizwa nchini, na kizazi cha mwisho cha Landrova hizi za zamani kilitoka kiwandani Januari 2016. Spea bado zipo, barabara ya Kirinyaga Nairobi, ambayo mafundi wakongwe wanaiita Grogan, na kwa ndugu zetu wa soko la Kisekka kule Kampala.

Chesi ilipatikana. Haitabeba samaki tena, hilo ndilo sharti langu. Samaki nitawakodia pikapu. Jumamosi tuliinua bodi, watu sita. Ndani ya chuma cha zamani fundi alikwangua magamba ya mbuta yaliyogandamana na tope jeusi, yakajaa ndoo. Mtoto wa kaka aliichukua akaenda kuimwaga, akarudi akasimama mbele ya injini muda mrefu.

"Senge, huu mkanda wa feni unalegezwa kwa spana gani?"

"Nusu inchi," nikamwambia. "Usiitafute kwenye sanduku. Mzee aliiweka chini ya kiti cha dereva."